Kichwa cha Kumi na Tisa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake,
na mimi nimeajiriwa kuzichana zote
njia moja.

Upper Hill, ghorofa ya tatu, saa mbili usiku.
Mvua inapiga bati la jenereta.
Vichwa arobaini na kimoja vimelala ndani ya kompyuta
bila majina, bila nyuso.
Nyuso tulizifuta Jumatatu, ndiyo sheria,
pua na midomo tukavikata kama kingo za mkate,
yakabaki mafuvu yenye namba.

Kwanza kitovu.
Natafuta daraja jeupe, dogo kama punje ya mchele,
liungalo nusu ya kushoto na ya kulia,
nabofya, nasema: hapa ndipo sifuri.
Kisha namwinua aliyeinama,
namnyoosha aliyegeuka kana kwamba ameitwa
(watu hugeuka kidogo ndani ya ile mashine
hata ukiwaambia mara tatu watulie).

Halafu kigezo.
Kigezo hatukukishona sisi.
Kilikuja kama robota la mitumba, kimeshapimwa
kwa miili ya watu wa mbali wasiotujua.
Kule Gikomba, Syombua akipata koti la namna hiyo
hupunguza mabega, hufumua mikono,
hulitesa koti mpaka limfae mvaaji.
Huku kwetu koti haliguswi.
Tunamkunja mvaaji.

Programu inavuta, inabana, inapinda,
miraba inayumba kama wavu uliopigwa mpira,
na mmoja mmoja wanaingia,
wa tatu, wa saba, wa kumi na mbili,
bonde juu ya bonde, mkunjo juu ya mkunjo,
mpaka wa kumi na tisa.

Wa kumi na tisa ana shimo.
Kushoto, juu ya sikio, jeusi,
la ukubwa wa kifuniko cha soda.

Namba haina jina, lakini mimi ndiye niliyempokea.
Alivua mkanda, funguo, sarafu,
pete iliyogoma mpaka tukaleta sabuni.
Akauliza, "Hii mashine itasikia ninachowaza?"
Nikamwambia itasikia damu tu, ikienda kazini.
Akacheka. Akasema homa ilimla maneno yote
akiwa darasa la pili, akayaokota upya mojamoja.
Baba yake alikuwa fundi viatu pale Kariobangi.
Neno la kwanza kurudi lilikuwa *gundi*.

Programu haijui shimo.
Kwenye kigezo pale pana nyama,
basi inawaburuta majirani wajaze pengo,
na kufikia asubuhi atakuwa mzima kwenye skrini,
mzima wa uongo,
na pale alipoyahifadhi maneno yake
patakuwa si pale.

Omollo anasema mtoe.
Arobaini wanatosha, tena ni namba nzuri kwa ripoti.
Hasemi kwa ubaya. Anaishi Rongai, na mvua hii.
Najibu sawa. Anaondoka.

Nashika kipanya, nachora ukingo wa shimo
kipande kwa kipande, vipande sitini na viwili,
naiambia mashine: hapa usiguse.
Pima kwingine kote. Hapa paache.
Kipande cha hamsini na nane umeme unakatika.
Sijahifadhi.
Jenereta inakohoa, inakohoa tena.
Naanza upya, nikitukana kwa lugha ya mama.

Saa kumi alfajiri anaingia.
Hafanani na kigezo. Amesimama tu miongoni mwao,
shimo likiwa shimo,
na kwenye mdomo wake kabisa, doa dogo jekundu,
dakika ile alipoambiwa ataje vitu kimoyomoyo.

Kesho tutawalainisha, milimita nane,
tutawajumlisha, tutawagawa,
na doa lake litafifia ndani ya wastani.
Halitaonekana kwenye picha yoyote. Najua.

Nimeandika daftarini kwa wino:
*19, asitolewe.*
Omollo atauliza kwa nini.
Nimeongeza chini yake neno moja,
*gundi*,
nikazima taa.